Dada Aliyemsevu Baba Yake "Dokta Doof"

Kwenye simu yake hakuna namba iliyoandikwa "Baba". Ipo "Dokta Doof", na kila ikiita wenzake wa ofisini wanatazamana. Wiki ya kwanza kazini waliamini ni mtu wake, tena daktari, wakaanza kumtania kwamba ameukata. Hajawahi kuwasahihisha. Angeanzia wapi? Aseme huyu anayepiga saa nne asubuhi siku ya kazi ni mzee wa miaka 54 wa Mbagala, hana udaktari hata wa mbuzi, na anapiga kumweleza habari za funza?

Funza ndio mradi mpya. Voisi ya kwanza ilikuwa ya dakika 4 na sekunde 11. Mzee anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuibiwa siri, kwamba kuku wote wa Dar wanahitaji protini, dagaa wamepanda bei, na kuna nzi fulani mweusi ambaye ukimpa mabaki ya jikoni anataga, funza wanatoka, kuku wanakula, wewe kazi yako ni kuhesabu hela. Mtaji sh. 250,000 tu. "Mama, hii safari siyo kama zile," akamalizia.

Hiyo sentensi dada wa watu anaisikia tangu ana miaka 9.

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na king'amuzi chenye Disney Channel, au ulikuwa unadandia kwa jirani, Doof unamjua. Kama hukubahatika, kaa hapa. Katuni inaitwa Phineas and Ferb, ya Wamarekani wawili, Dan Povenmire na Jeff "Swampy" Marsh, ilianza kuonyeshwa 2007. Juu juu ni stori ya ndugu wawili wa kambo ambao likizo nzima wanajenga vitu visivyojengeka nyuma ya nyumba, na dada yao Candace anayekimbia kumwita mama aje aone. Mama akifika, kitu kimeshatoweka. Kila siku, hivyo hivyo. Lakini chini yake kuna stori ya pili, na ukweli usemwe, hiyo ya pili ndiyo iliyowaganda watu kwenye kochi. Mnyama wa wale watoto, Perry, ni platipasi, yule kiumbe wa Australia mwenye mdomo kama wa bata na mkia bapa. Nyumbani ni zoba tu, anakodoa macho. Akivaa kofia ni wakala wa siri, na kazi yake ni moja: kwenda kumzuia Dokta Heinz Doofenshmirtz.

Huyo Doofenshmirtz ndiye adui. Koti jeupe la maabara, mgongo umepinda, pua ndefu, anaishi kwenye jengo refu la zambarau lenye jina lake mwenyewe. Maadui wengine wa katuni wanataka dunia. Yeye anataka eneo la majimbo matatu tu, yaani kama mtu aape kuiteka Temeke na kipande cha Ilala, basi, kwingine mtajua wenyewe. Kila siku ana mashine mpya na karibu kila mashine jina lake linaishia na "-inator". Episodi ya kwanza kabisa aliifunika pwani ya mashariki ya Marekani kwa karatasi ya foili, akaandaa sumaku kubwa, akiamini ataifanya dunia izunguke kinyume. Mashine zake nyingi ana tabia ya kuziwekea kitufe cha kujilipua. Anakiweka mwenyewe! Na huyu Perry aliyepigana naye mara zisizohesabika, akivua tu kofia Doof hamtambui, anamwona platipasi wa kawaida. Kofia ikirudi kichwani ndipo anashtuka, kumbe ni wewe.

Katuni za namna hii zipo kadhaa. Wakanada walitoa yao 2009, League of Super Evil, genge zima la maadui wasioogopwa hata na jirani, na ukifupisha jina lao kwa herufi za kwanza unapata L.O.S.E., ambalo kwa Kiingereza ni kushindwa. Inachekesha mbavu. Ila wale wanaishi wenyewe kwa wenyewe na mnyama wao. Doof ana mtoto, na huyo mtoto ndiye aliyemfanya dada wetu, akiwa na miaka 10, aache kula wali wake katikati ya kijiko.

Ilikuwa sebuleni kwa mama mkubwa, Tabata, Jumamosi jioni. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya baba. Wazazi walikuwa wameachana mwaka uliotangulia, na utaratibu ulikuwa baba anamchukua asubuhi, anazunguka naye kutwa, jioni anamrudisha kwa mama mkubwa kwa sababu kwa mama mwenyewe hakuwa anakaribishwa. Siku hiyo alikuwa amemzungusha kwenye banda la kware. Unawakumbuka kware? Kuna kipindi kila mtu mjini alikuwa anafuga kware, yai dogo kama jicho la mbuzi linatibu kila ugonjwa kuanzia presha. Baba alikuwa na kware 300 na daftari la mahesabu, ameandika kwa herufi kubwa tupu. Kware mmoja, mayai kadhaa kwa wiki, zidisha, zidisha tena, ukurasa wa mwisho ana Prado. Mtoto akarudi na harufu ya kinyesi cha ndege kwenye nywele, binamu zake wakaziba pua, akaenda kukaa peke yake mbele ya TV.

Pale kwenye TV yuko binti wa miaka 16, nguo nyeusi juu mpaka chini, sura ya kuchoka. Vanessa. Wazazi wake wameachana. Siku nyingine yuko kwa mama, siku nyingine kwa baba, na kwa baba ni jengo la zambarau lenye mashine inayotoa moshi. Vanessa anajaribu kumvuta mama yake aje aone baba anachofanya. Mama akifika, kila kitu kimeshaharibiwa na platipasi, baba amesimama anatabasamu kama hakuna kitu.

Hapo kijiko kikabaki hewani. Kuanzia siku hiyo baba akawa Doof. Kwanza moyoni, baadaye kwenye simu.

Baada ya kware walikuja sungura. Kuna watu walipita mtaani wakiahidi kununua kila sungura atakayezaliwa, siku ya kununua ilipofika simu zao hazipatikani, na baba akabaki na sungura ambao kazi yao ni moja tu na wanaijua. Sungurainator. Halafu matikiti ya Mkuranga, yale ya kulimwa kwenye WhatsApp, ambapo ekari moja haikosi milioni kadhaa mpaka ufike shambani ukute maji hakuna. Halafu mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, mitumba, iliyowaka siku mbili. Ya tatu ikatoa mlio, fundi aliyekuja akaisikiliza, akavua kofia kama yuko msibani. Binti alikuwa anaandika hizi stori na kuzisoma kwa marafiki zake shuleni, kila mradi amemwekea -inator yake, na darasa zima lilikuwa linavunjika mbavu. Alikuwa maarufu kwa ajili ya baba yake.

Kitu kimoja hakuwa anakisoma mbele ya darasa. Kiwanja.

Ukiangalia hii katuni ukubwani unaona kitu ambacho utotoni kinapita. Jengo la Doof linalipuka, kesho yake lipo, rangi ile ile. Nani analipa? Yupo anayelipa. Charlene, aliyekuwa mke wake, ana hela zake, na kila mwezi anamtumia Doof fungu la matunzo. Ndiyo hela ya mashine. Ni utani mzuri sana na unaelezwa kwa haraka, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Sasa mchukue Charlene umtoe Marekani, umpe karai la vitumbua, umwamshe saa 10 usiku kila siku kwa miaka sita mpaka anunue kiwanja Chanika. Kisha mume aje na daftari la herufi kubwa. Mama alisaini. Hilo huwa analisema mwenyewe, hakulazimishwa, alisaini kwa sababu siku ile mume wake alikuwa na furaha na yeye alikuwa na muda mrefu hajamwona vile. Kiwanja kikauzwa, kikawa banda na vifaranga na chakula, kikawa kware 300, kikawa harufu kwenye nywele za mtoto. Leo pale Chanika pana nyumba ya mtu mwingine, ina geti jekundu. Mama akipita kwenye daladala huwa anaangalia dirisha la upande wa pili.

Kwa hiyo mtu akimwambia "baba yako anachekesha", dada anakubali. Anachekesha. Ila kuna mtu alilipa kiingilio.

Hapa pana ugumu, kwa sababu Doof mwenyewe huwezi kumchukia hata ukijitahidi. Katuni imepangwa hivyo. Kila akimnasa Perry kwenye mtego, kabla ya kumwonyesha mashine, lazima amsimulie ya utotoni, kwenye nchi yake ya kubuni inayoitwa Drusselstein. Wazazi wake hawakutokea siku aliyozaliwa, hata mama! Baba yake alimpenda mbwa kuliko yeye, na mbwa akampa jina la "Mwanangu wa Pekee". Mdogo wake Roger alikuwa kipenzi cha mama, sasa ni meya wa mji, nywele zimelala vizuri. Na ile iliyo kali kuliko zote: familia ilipoishiwa, ile sanamu ndogo ya kulinda bustani ikachukuliwa, basi Heinz akavalishwa kama sanamu, akasimamishwa nje usiku kucha kwenye baridi, alinde bustani, asitikisike.

Povenmire, mmoja wa wale wawili walioibuni, ndiye anayemwigizia Doof sauti. Yeye na mwenzake walizunguka na wazo la hii katuni zaidi ya miaka kumi kabla ya kukubaliwa. Mlango huu hapana, mlango ule hapana. Labda ndiyo maana sauti ya Doof akielezea mpango wake haina dharau ndani yake. Mtu aliyekataliwa muda wote huo anajua namna mtu anavyoeleza wazo lake kwa mara ya hamsini kama vile ni ya kwanza.

Miaka minne iliyopita kulitokea msiba upande wa baba, Ifakara. Binti akaenda. Usiku wa pili wanawake wamelala kwenye mikeka uani, mbu wanakula watu, shangazi yake akaanza kuongea taratibu.

"Wewe mwanangu nasikia unamcheka sana baba yako."

Akakana. Shangazi akaendelea kama hajasikia. Akasema babu yao alikuwa na shamba kubwa la mpunga na vijana wawili, na msimu mmoja ndege walikuwa wengi kupita kawaida. Mmoja ilibidi atolewe shule akaamie. Akatolewa baba, yuko darasa la nne. Mdogo wake akaendelea, ndiye huyu baba mdogo mwenye nyumba ya ghorofa, ambaye michango ya ukoo ikisomwa jina lake linatangulia. "Baba yako alisimama kwenye ule mpunga kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Mtoto mdogo, na kopo la kugonga. Msimu ule ukaisha, mwingine ukaja, babu yako akasema si ameshazoea. Hakurudi tena shule."

Mtoto amesimamishwa nje, analinda, asitikisike.

Akacheka. Ndiyo, msibani, usiku, watu wanalia ndani na yeye kicheko kimempanda kutoka tumboni hakizuiliki. Akajifunika khanga usoni. Shangazi akadhani analia, akaanza kumpapasa mgongoni, nyamaza mwanangu, nyamaza, na kweli baada ya muda alikuwa analia, hakujua ilibadilika saa ngapi. Hakuwahi kumwambia shangazi kuhusu ile sanamu ya bustani. Ungeanzaje kumweleza mtu Ifakara usiku wa matanga kwamba kuna katuni.

Lakini zile herufi kubwa za kwenye daftari zikapata maelezo.

Mtu angetegemea baada ya hapo akamsamehe, yakaisha. Hayakuisha. Aliporudi Dar alimsimulia mama yake. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa, akasema, "Mimi pia sikumaliza shule. Mbona sikuuza kiwanja cha mtu?" Hilo nalo halina jibu.

Katuni ilipofungwa mara ya kwanza, Juni 2015, Doof aliacha. Vanessa alitaka kujifunza kazi kwenye shirika lile lile la kina Perry, na kuwa na baba adui kungemwekea kikwazo, basi mzee akaachana na uovu kwa ajili ya binti yake. Dada wetu aliiona akiwa kidato cha tatu na alilia vibaya, kisha akakasirika, kwa sababu kumbe inawezekana. Kumbe mtu anaweza kuamua tu.

Ya kwake iliamuliwa baadaye sana, 2023. Baada ya ile mashine ya alizeti baba alimpigia, akasema nimeacha mama, nimechoka na mimi. Akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka. Miezi saba. Mshahara mdogo lakini unaingia, na mwezi wa tatu alimtumia mama sh. 50,000 bila maelezo yoyote. Mama aliipokea bila kusema kitu. Kila mtu alisema afadhali.

Ila voisi zikakatika. Binti akipiga, ni shikamoo baba, marahaba mama, hujambo, sijambo, haya. Dakika moja haifiki. Mtu aliyekuwa anaweza kuongea kuhusu mkojo wa sungura mpaka bando liishe, sasa hana la kusema. Jumapili moja alimkuta amekaa nje kwake kwenye kiti cha plastiki anaangalia barabara, mikono juu ya magoti. Hakuwa mgonjwa. Binti alirudi nyumbani akatafuta vipande vya Doof mtandaoni, maana Povenmire siku hizi anaingia TikTok na ile sauti, anaongea upuuzi tu, na mamilioni wanamfuata. Akaangalia mpaka usiku wa manane. Aliona aibu kugundua alichokuwa anakikosa.

Duka lilipunguza watu, baba akiwemo. Na ndipo funza.

Sh. 250,000 hakutoa. Alimwambia moja kwa moja, kwa heshima, baba hela sitoi, na sitatoa hata ikiwa elfu kumi. Ukimya. Kisha mzee akasema sawa mama, nimekuelewa, na kwa sauti ile ile ya siri akauliza, "Hapo kazini kwenu hakuna mama ntilie?"

Yupo. Wapo watatu.

Jumamosi iliyofuata alienda Mbagala. Huko kuna mdogo wake wa kambo, miaka 8, ambaye amemwachia kwenye flashi msimu mpya, ule ulioanza Juni 2025 baada ya miaka kumi bila msimu mpya. Huyo mdogo anamwita mashine kila kitu anachokigusa baba. Walikaa wote watatu sakafuni kwenye TV ya chogo aliyoikarabati baba mwenyewe kwa kifaa cha kuchomekea flashi (inafanya kazi, hilo lazima lisemwe, ni mwaka wa pili). Doof akatokea, akaanza kueleza mpango wake wa siku hiyo, mikono juu. Baba, ambaye Kiingereza kinampita mbali, aliangalia dakika kumi akiwa kimya. Akauliza, "Huyu mzee ana shida gani?"

"Anataka kutawala," mtoto akajibu.

"Kutawala wapi?"

"Hapo hapo tu kwao."

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima bei. "Si mbaya," akasema. "Kaanza na eneo dogo."

Binti alitoka nje mara moja, akisema anaenda kupokea simu. Hakuna aliyempigia.

Jumanne hii, saa 12 jioni, alipanda daladala ya Mbagala Rangi Tatu amebeba ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Maganda ya ndizi, ukoko wa wali, vichwa vya dagaa, kutoka kwa mama ntilie wote watatu. Viatu vya ofisini, pochi begani, ndoo katikati ya magoti. Konda akamsogelea kuchukua nauli, akavuta hewa, akavuta tena.

"Dada, kwenye ndoo kuna nini?"

"Chakula cha funza."

Siti ya pembeni ikabaki wazi. Simu ikaanza kuita kwenye pochi, na mama mmoja aliyesimama karibu akachungulia kioo, akasoma jina, akamwambia pole mwanangu, pokea, ni daktari anakupigia.